UZI: Dick Johnson Racing, timu ya mbio za magari ya Australia iliyookolewa na simu za watazamaji wa TV

Spana Mkononi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Humu jukwaani tukigusa mbio za magari ni Formula 1, tukibadilisha sana ni Safari Rally. Leo nawapeleka Australia. Kule mchezo wenyewe ni gari la kawaida, lile la kumpeleka mtoto shule, linafumuliwa lote, linafungwa injini ya kufa mtu, halafu linaenda kugombana na wenzake kilomita elfu moja. Timu ninayoileta ni Dick Johnson Racing, kwa kifupi DJR. Uzi ni mrefu, nitauweka kwa vipande. Mwenye haraka apite salama.

Nianze na msimamo wangu ili mje kunipinga vizuri. Ukimgusa Mwaustralia kuhusu timu hii, cha kwanza atakusimulia ni jiwe. Ndiyo, jiwe. Mimi naona hilo jiwe limewadhulumu hawa jamaa. Watu wamebaki na huruma, wakasahau kwamba pale palikuwa na mafundi ambao Wazungu wa Ulaya walikuja kuwavulia kofia. Lakini siwezi kuruka jiwe, kwa hiyo tuanze nalo.

Dick Johnson kazaliwa Brisbane, jimbo la Queensland, mwaka 1945. Hakutoka familia ya mapesa. Maisha yake yalikuwa gereji na kituo cha mafuta kusini mwa mji, mbio anakimbia kwa kuungaunga. Kule wana vitu viwili vikubwa: ubingwa wa taifa, ambao ni mbio kadhaa kwa msimu, na ile moja ya Bathurst kila Oktoba. Wapo madereva waliobeba ubingwa na bado wanajisikia hawajamaliza kazi kwa sababu hawajashinda Bathurst.

Bathurst ni mji ulio kama kilomita 200 magharibi mwa Sydney. Mbio inapigwa kwenye mlima unaoitwa Mount Panorama, na ile ni barabara ya umma. Siku za kawaida unapita na familia yako kwa spidi 60, kuna watu wana nyumba zao pembeni. Mzunguko mmoja ni kilomita 6.2. Kutoka chini hadi kileleni unapanda mita 174, na huko juu ukuta uko kulia na kushoto. Ukikosea, huna pa kwenda.

Sasa kule Ford na Holden, chapa ya magari ya Australia, ni Simba na Yanga. Kuna familia hazinunui gari la upande wa pili hata liuzwe bei ya baiskeli. Mwaka 1980 mfalme alikuwa Peter Brock wa Holden. Ford yenyewe ilikuwa imejitoa rasmi kwenye mbio baada ya msimu wa 1978, kwa hiyo mashabiki wake walikuwa yatima. Ndipo anatokea huyu fundi wa Brisbane na Ford Falcon XD ya buluu, mdhamini wake kiwanda cha mabomba ya chuma cha Ross Palmer, akiwa ametia humo kila senti aliyonayo.

Anaongoza mbio. Kabla hata ya mzunguko wa 20 anapanda ile kona ya The Cutting, anakuta gari la kuvuta magari mabovu limesimama upande mmoja wa njia. Upande uliobaki kuna jiwe, ukubwa wake kama mpira wa miguu, limeporomoka kutoka kwenye tuta walilokaa watazamaji. Pa kukwepea hakuna. Kapiga jiwe, gari likaenda ukutani, kwisha habari yake. Brock na Jim Richards wakashinda.

Kilichofuata ndicho cha kihistoria. Televisheni ilikuwa inarusha mbio moja kwa moja, wakamweka Johnson kwenye kamera, mwanaume machozi yanamlenga, anaeleza kwamba hana tena pesa ya kuendelea. Simu zikaanza kuita studio. Watu wa kawaida tu, huyu dola tano, yule dola kumi. Edsel Ford II, kitukuu wa Henry Ford mwenyewe, wakati huo alikuwa mmoja wa wakubwa wa Ford Australia, akasema kila dola wananchi watakayochanga, kampuni itaongeza dola. Wananchi walifikisha 72,000, Ford ikaweka zingine 72,000. Jumla 144,000. Timu ikapona.

Nakuja na kipande cha pili, ngoja nile kwanza.

Mtoto wa Keko

Mkuu endelea, nimeweka kiti. Swali dogo: hawa ndio wale akina Brabham?

Spana Mkononi

Hapana kaka. Jack Brabham ni Mwaustralia kweli, bingwa wa Formula 1 mara tatu: 1959, 1960 na 1966, na ule wa 1966 aliuchukua akiendesha gari lenye jina lake mwenyewe. Lakini kambi ya timu yake ilikuwa Uingereza. DJR ni ya nyumbani kabisa, Queensland hadi leo.

bintikariakoo

Kaka samahani, mimi mgeni kwenye haya mambo. Hiyo pesa ya michango aliifanyia nini? Maana huku kwetu tungeshasikia amejenga.

Spana Mkononi

Hahaha dada, swali zuri, na jibu lake ndilo kipande cha pili.

Alijenga Falcon nyingine. Mwaka uliofuata, 1981, akaenda nayo kwenye ubingwa wa taifa wakakabana na Brock msimu mzima hadi mbio ya mwisho, iliyopigwa Lakeside, jirani na Brisbane, nyumbani kwake. Akamfunga huko huko. Oktoba akarudi Bathurst na John French, wakashinda. Kuna wanaoguna kuhusu ushindi huo kwa sababu mbio ilisimamishwa mzunguko wa 120 kati ya 163, magari yaligongana huko juu McPhillamy Park yakaziba njia. Mimi siguni. Alikuwa mbele waliposimamisha, basi. Mwaka 1982 akabeba ubingwa tena.

Halafu 1983, na hapa ndipo napenda kukaa.

Jumamosi kabla ya mbio, pale Bathurst wale wenye kasi zaidi wanatoka mmoja mmoja kugombea nafasi ya mbele, njia nzima yako peke yako, nchi nzima inakutazama. Johnson alikuwa na Falcon XE mpya ya kijani, inaitwa Greens-Tuf. Anashuka mlima, anafika kona ya Forrest's Elbow, kagusa rundo la matairi kwa nje. Usukani ukaisha kazi. Gari likatoka njiani likaingia msituni, likawa linapasua miti kama panga. Ukiliona lilivyobaki huwezi kuamini kwamba mtu alitoka humo akitembea.

Timu nyingine yoyote ingefunga virago. Mafundi wa DJR walikwenda kuchukua Falcon ya dereva mwingine, Andrew Harris, aliyekuwa na gari la aina ile ile, wakaingia nalo kazini jioni ile. Usiku kucha wanahamisha vifaa kutoka kwenye maiti kuja kwenye hili. Huku spana zinalia, huku wachoraji wanapaka rangi ya kijani na kuandika majina ya wadhamini upya. Asubuhi Greens-Tuf ikasimama kwenye mstari wa kuanzia, na Johnson ndani. Haikumaliza mbio, ilikufa njiani. Lakini mtu aliyewahi kushusha injini tu, bila kuhamisha gari zima, anajua ule usiku ulikuwa wa namna gani.

1984 ubingwa wa tatu. Huu sio wa kupendeza macho. Brock alikosa baadhi ya mbio kwa sababu ya safari ya Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, Johnson akawa anamaliza, anaokota pointi, anaondoka.

Fundi Mkuu Mstaafu

Kijana unaandika vizuri. Mimi nimekula chumvi kwenye gereji, nakuambia kuhamisha vifaa usiku mmoja kwenye bodi ambayo hujaizoea, waya peke yake zinaweza kukutoa roho. Endelea, hiyo Sierra uliyoificha mfukoni naisubiri.

Spana Mkononi

Mzee wangu shikamoo. Umejuaje kwamba ni Sierra?

Haya. 1985 Australia ikaingia kwenye sheria za kimataifa za Group A. Falcon zikawekwa kando. Ford kule ilikuwa imeacha kuuza Falcon za V8, na Falcon isiyo na V8 ungeipeleka wapi. Johnson akaenda Ujerumani akanunua Ford Mustang zilizotengenezwa na timu ya Zakspeed. Gari zuri, linatii, lakini halina nguvu ya kumkamata mtu kwenye mnyoosho. Miaka miwili ya kuvumilia. Hii miaka napita haraka, hakuna kitu.

1987 ikaja Ford Sierra Cosworth, pamoja na mdhamini mpya Shell. Sasa fikiria: hawa ni watu wa V8, lita karibu sita, wamelelewa na mngurumo. Wanapewa injini ya lita mbili, silinda nne, ina turbo na kompyuta. Mwaka wa kwanza ulikuwa mateso. Bathurst 1987 walitoka mapema kabisa, na mwaka huo ilikuwa sehemu ya ubingwa wa dunia, wageni kutoka Ulaya wamejaa, aibu tupu. Hao wageni nao wasijisifu sana: Sierra za timu ya Eggenberger zilimaliza ya kwanza na ya pili, miezi kadhaa baadaye zikaondolewa kwa sababu ya matao ya matairi yaliyokuwa nje ya sheria, kombe akapewa Brock.

DJR wakajifungia gerejini. 1988 walipotoka, toleo la RS500 lilikuwa linatema zaidi ya farasi 500 kutoka kwenye lita mbili. Mwaka 1988! Johnson bingwa, mwenzake mpya John Bowe kutoka Tasmania wa pili. Na hapa ndipo penye ushahidi wangu. Mwaka huo huo walipakia gari wakalipeleka Uingereza, Silverstone, kwenye mbio ya Tourist Trophy, nyumbani kwa dereva Mwingereza Andy Rouse na mbele ya hao hao Eggenberger waliokuja kuwaaibisha Bathurst. Kwenye muda wa kufuzu Johnson akaweka Sierra yake mbele ya wote. Fundi wa gereji ya Brisbane! Mbio yenyewe gari lilimsumbua hakushinda, lakini ujumbe ulifika.

1989 akachukua ubingwa wa tano, na yeye na Bowe wakashinda Bathurst. Tano zake zilikuwa sawa na rekodi ya Ian Geoghegan.

Ndiyo maana nasema jiwe limewafunika. Huruma inakupa dola 144,000. Haikupi nafasi ya kwanza Silverstone.

Mtoto wa Keko

Aisee. Na ile habari ya mshindi kuwatukana mashabiki, ni hawa hawa?

Spana Mkononi

Wao ndio walidhulumiwa, au hawakudhulumiwa, inategemea uko upande gani.

Bathurst 1992. Nissan GT-R ilikuwa inatawala, gari la magurudumu manne yanayovuta, Waaustralia walilichukia kama deni. Mvua ikashuka mwishoni, mto barabarani, magari yanateleza kama sabuni. GT-R ya Jim Richards na Mark Skaife ikagonga, ikabaki inajikokota, ikateleza tena ikakwama kwenye lundo la magari mengine. Mbio ikasimamishwa. Sierra ya Johnson na Bowe ilikuwa nzima, inatembea, wakajua wameshinda. Sheria ikasema matokeo yanarudishwa nyuma hadi mzunguko uliokamilika kabla ya vurugu, wa 143. Hapo aliyekuwa mbele ni Nissan. Kwa hiyo gari lililoharibika likatangazwa mshindi!

Umati chini ya jukwaa ukalipuka kwa kuzomea. Richards, mtu mpole siku zote, akashika maiki akawatukana hewani, tusi ambalo mods hapa watanifungia nikiliandika. Wengi hawakumbuki kwamba siku ile ile Denny Hulme, bingwa wa Formula 1 wa 1967, alipata mshtuko wa moyo akiwa kwenye usukani akafariki, na Richards alikuwa rafiki yake. Ukijua hilo unamsamehe.

Kisheria Nissan walistahili. Roho yangu bado inakataa.

Mwaka 1993 sheria zikabadilika tena: V8 za lita tano, Falcon ya Ford kwa Commodore ya Holden, utani wa jadi ukarudi rasmi. 1994 Johnson ana miaka 49, anashinda Bathurst na Bowe. Siku hiyo ndiyo alizaliwa nyota mwingine: kijana wa miaka 20, Craig Lowndes wa Holden, alimpita Bowe kwa nje kwenye Griffins Bend. Kwa nje! Mahali ambapo watu wazima wanashukuru Mungu wakipita salama peke yao. Bowe akameza mate, akamfuata, akarudisha nafasi yake. 1995 Bowe akachukua ubingwa wa taifa.

bintikariakoo

Nimefungua video ya hiyo ya 1994. Yule mtoto hana akili timamu.

Spana Mkononi

Dada karibu chamani.

Sasa miaka ya njaa. Johnson alistaafu kuendesha muda wote mwisho wa 1999, Bathurst yake ya mwisho alikimbia na mwanae Steven. Baada ya hapo timu ikaanza kushuka. Shell wakaondoka mwisho wa 2004 baada ya kuwa nao tangu 1987. Wakaja wadhamini wa mambo ya majumba na mikopo ya nyumba, na mmojawapo, Westpoint, akaanguka na pesa za watu. Ukimtegemea mdhamini wa aina hiyo ujue siku zako zinahesabika.

2008 Charlie Schwerkolt akanunua nusu ya timu, na 2010 James Courtney akawapa ubingwa. Wikendi ya mwisho ya msimu, barabara za Homebush Sydney, karibu na uwanja wa Olimpiki. Jumamosi mvua inashuka ghafla, magari yana matairi ya kavu, na wagombea ubingwa wote watatu, Courtney, Jamie Whincup na Mark Winterbottom, wakaishia ukutani pamoja, kona moja. Tena watu wa DJR na spana zao. Waliliunga gari, Courtney akarudi njiani kuokota pointi, kesho yake akawa bingwa. Mnaona ule usiku wa Greens-Tuf bado uko kwenye damu?

Kisha akahamia Holden na namba 1 yake ya ubingwa ubavuni. Wenye timu wakakosana, Schwerkolt akaondoka, pesa ikakauka. 2013 mwanga ulikuwa mmoja tu, Chaz Mostert, kijana wa kuazima kutoka timu nyingine ya Ford, alishinda Ipswich, Queensland.

Septemba 2014 akatokea Roger Penske, Mmarekani aliyetamba kwenye mbio za Indianapolis, akanunua asilimia 51. Alikuwa ameshaingia Australia na biashara ya malori. Kipindi chao nitakipita kwa mwendo kwa sababu wengi mnakijua: Marcos Ambrose alirudi kutoka mbio za NASCAR za Marekani 2015, hakudumu. 2017 wakaja Scott McLaughlin wa New Zealand na mhandisi Ludo Lacroix, Mfaransa waliyemtoa kwa wapinzani wao Triple Eight. Mwaka huo McLaughlin alipoteza ubingwa Newcastle siku ya mwisho kwa adhabu tatu, akalia mbele ya kamera. Halafu 2018, 2019, 2020, mara tatu mfululizo. 2019 alishinda mbio 18 ndani ya msimu mmoja. Wakati huo ilikuwa haijawahi kutokea.

Mchambuzi Huru

Umepita kwa mwendo makusudi mkuu. Mbona husemi Bathurst 2019?

Spana Mkononi

Nasema kaka, sifichi. Gari la usalama limetoka, lile ambalo wote wanalifuata polepole kukiwa na hatari njiani, Fabian Coulthard, gari la pili la DJR, akaambiwa kwenye redio apunguze mwendo. Akapunguza mno, msururu mzima nyuma yake ukakwama, McLaughlin na Whincup waliokuwa mbele wakaingia kubadili matairi kwa raha zao. McLaughlin na Alexandre Prémat wakashinda kwa chini ya sekunde moja. Timu ikapigwa faini dola 250,000, ambapo 100,000 ziliahirishwa, wakanyang'anywa pointi 300 za timu, na Coulthard akashushwa hadi nafasi ya 21. Baadaye injini waliyotumia kufuzu ikakutwa nje ya sheria, McLaughlin akafutiwa nafasi ya kwanza ya kuanzia. Ushindi wa mbio wakaachiwa.

Na ndiyo sababu nyingine ya mimi kuuweka ule wakati chini ya Sierra.

Mchambuzi Huru

Hapo ndipo sikubaliani na wewe. Sierra ilikuwa gari bora kuliko la mtu yeyote kule, wapinzani walikuwa na magari ya mkopo. McLaughlin alishinda kwenye magari yanayosawazishwa na sheria, kila mtu ana gari lile lile. Ubingwa mara tatu hapo ni mgumu zaidi.

Fundi Mkuu Mstaafu

Huyu naye ana hoja.

Spana Mkononi

Ana hoja, ila wapinzani wa 1988 nao walikuwa na Sierra, mzee wangu. Tony Longhurst alikuwa nayo, hata Brock mwaka uliofuata alikuwa nayo, na Silverstone zilikuwa zimejaa. Gari lile lile, duka lile lile. Tofauti ilikuwa nani analifungua na kulifunga vipi. 2018 Penske alimnunua Lacroix kwa pesa. 1988 walikaa gerejini wakajifunza wenyewe.

Mtoto wa Keko

Na sasa hivi wako wapi?

Spana Mkononi

Penske alijitoa mwisho wa 2020, McLaughlin akaenda naye kwenye mbio za IndyCar za Marekani, hisa zikarudi kwa Johnson na Ryan Story. Wanakimbiza Mustang kutoka Stapylton, kati ya Brisbane na Gold Coast. 2025 walimchukua Brodie Kostecki, bingwa wa 2023 na mshindi wa Bathurst 2024 akiwa timu nyingine. Holden yenyewe imeshazikwa, General Motors waliifuta 2020, sasa Ford anapambana na Camaro ya hao hao General Motors na wageni wengine. Hesabu ya DJR ni ubingwa wa madereva 10 na Bathurst nne: 1981, 1989, 1994, 2019.

Mchambuzi, hoja yako ya magari kusawazishwa nairudia kesho nikiwa na kompyuta, simu inaniishia chaji. Usifikiri nimekimbia.